Siku Baba Mdogo Alipozindua Jua

Kwa heshima na taadhima, inatangazwa kwa wanafamilia, majirani na wote wapendao maendeleo kwamba leo Jumamosi, saa nane kamili mchana, katika ua huu, jua litazinduliwa rasmi kwa matumizi ya tela la Dada. Watoto wasiguse chochote. Kwa usalama wa macho, kila atakayehudhuria avae miwani ya jua.

Tangazo hilo lilipigiliwa langoni kwa misumari minne. Lilikuwa limeandikwa nyuma ya boksi la sabuni, na mwandishi wake, Baba Mdogo, alijitia saini kama Mhandisi Mkuu wa Mradi. Mradi mzima ulikuwa na watu wawili, na huyo wa pili alikuwa ameazimisha ngazi tu. Kufikia saa tatu asubuhi, Mhandisi Mkuu alikuwa ametafuta bisibisi yake kwa nusu saa, ameisingizia paka, kisha akaipata mfukoni mwake mwenyewe, mfuko wa nyuma, kwa kuikalia na kuruka kama aliyechomwa.

Aliyeushuhudia ule mruko alikuwa mtoto wa kaka yake, binti wa kidato cha tatu aliyekuja kwa Shangazi likizo kutoka shule ya bweni. Baba Mdogo alimwita Msomi, kwa sauti ambayo watu humwitia "mheshimiwa" mbuzi aliyeingia ofisini. Msomi naye alimtazama baba yake mdogo kama mkaguzi anavyotazama vyoo vya shule: kwa huzuni, kwa mbali na bila matumaini.

Tela lilikuwa la Shangazi, yule Dada wa kwenye tangazo, nyumba ndogo nyeupe juu ya magurudumu mawili, ya kuvutwa nyuma ya gari, yenye kitanda, meza ya kukunja na friji lenye ukubwa wa sanduku la nguo. Shangazi alikuwa mpima ardhi. Jumatatu alitakiwa kwenda kupima barabara mpya kwa miezi mitatu, mahali pasipo na umeme wala nyumba ya wageni. Alikuwa na kisukari, na dawa yake ya sindano haivumilii joto. Kwa hiyo dawa ilihitaji friji, friji likahitaji umeme, na umeme ukahitaji paneli mbili za sola juu ya paa. Shangazi alikuwa amelisema jambo hilo mara moja tu, maana hakuwa na desturi ya kurudia maneno.

"Saa kumi nampigia bosi simu. Friji likiwa la baridi, ninakwenda. Likiwa kabati, kazi apewe mwingine."

Na kama angekwenda, angemchukua Msomi kwa wiki tatu zote za likizo, amshikie ule mti wa kupimia wenye milia myekundu na myeupe. Begi la Msomi lilikuwa limefungwa tangu Alhamisi. Alishajiona kilimani, kofia kichwani, akiyapungia malori mkono. Safari hiyo aliiwaza kuliko mitihani yote aliyowahi kufanya, ukiwemo ule aliofaulu.

Sasa, msichana mwenye akili, safari yake ikining'inia kwenye uzi mwembamba kama huo, angekaa mbali na uzi. Lakini kulikuwa na suala la heshima.

Ijumaa nzima na Jumamosi asubuhi Baba Mdogo alipanda na kushuka ngazi, kila akishuka akirudi nyuma hatua sita kulitazama paa, mikono kiunoni, kama mtu aliyeumba paa. Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu ya mambo ya sola. Cheti chake alikuwa amekivisha plastiki na kukitundika ndani ya tela, juu ya jiko, kabla hajatoboa hata tundu moja. Kila skrubu aliyoikaza aliipaka gundi nyeusi ya paa, kisha akaihutubia.

Msomi alisogea hadi chini ya ngazi. "Baba Mdogo, umeacha nafasi ya hewa chini ya paneli? Zikipata joto sana, nguvu inapungua."

 Baba Mdogo alimgeukia jirani, fundi wa kuchomelea, ambaye ndiye mwenye ngazi. "Fundi, umesikia? Fizikia imekuja kunikagua."

"Imekuja na bakora?" fundi akauliza.

"Imekuja na likizo. Msomi, mwanangu, nenda langoni ukasome tena ule mstari unaohusu watoto."

Fundi alicheka mpaka akaishika ngazi asianguke, na yeye alikuwa amesimama chini. Kile kicheko ndicho kilichoharibu mambo. Maneno ya Baba Mdogo Msomi alikuwa ameyazoea, yaliingia sikio hili yakatokea lile, lakini kuchekwa mbele ya fundi ni deni, na pale bwenini kwao madeni ya aina hiyo hayalali.

Saa saba wanaume waliingia ndani kula. Msomi alisema hana njaa, kauli ambayo katika nyumba yoyote ingetosha kuwa onyo. Alichukua mfuko mweusi wa taka, akaupasua vipande viwili virefu vya upana wa kiganja, akachukua na roli lake la plasta ya kitambaa begini, akapanda ngazi.

Ujanja wenyewe alifundishwa na mwalimu wa fizikia. Paneli ya sola haihitaji kufunikwa yote. Ukifunika safu ya chini tu, safu zilizo juu yake hukaa bure, kama foleni ya chakula bwenini mpishi anapokwenda chooni: hata mkiwa mia mmepanga vizuri, hakuna sahani inayosogea. Alilaza kipande kimoja kwenye ukingo wa chini wa kila paneli, nyeusi juu ya nyeusi, akakibana ncha mbili kwa plasta na kuzifutika ncha za plasta chini ya fremu. Ukiwa chini usingeona kitu. Akashuka, akanawa mikono, akala sahani mbili.

Mpango ulikuwa mfupi na wa kibinadamu. Baba Mdogo angeaibika kwa dakika kumi, labda kumi na tano kama hali ya hewa ingekuwa nzuri. Kisha Msomi angejitolea kwa unyenyekevu kupanda, angesema, "Ngoja nijaribu kitu," na umeme ungewaka. Fundi angecheka tena, safari hii akiwa ameelekea upande unaofaa.

Saa nane kasoro dakika tano fundi alirudi kutoka kwake kushuhudia uzinduzi. Hakuwa na miwani ya jua. Alikuwa amevaa kinyago cha kuchomelea, kimefunika uso mzima.

"Hicho nini?" Baba Mdogo akauliza.

"Si mmesema usalama wa macho?"

Baba Mdogo alikwenda langoni, akalisoma tangazo mpaka mwisho, akaurudia mstari wa mwisho. Ni wazi hakukumbuka kuandika mstari ule. Ni wazi pia kwamba aliupenda. "Naam," alisema akirudi. "Tahadhari kwanza." Akaingia ndani akatoka na miwani ya mke wake, yenye maua pembeni.

Shangazi alisimama mlangoni mwa tela, mikono kifuani, bila miwani. Baba Mdogo alieleza kwamba betri ameimaliza makusudi usiku uliopita, ili asije mtu akasema friji linaendeshwa na umeme wa jana. Lilikuwa wazo la kijinga, la kumwaga maji yote ya mtungi ili kupima kama mvua inanyesha. Kisha akahesabu, moja, mbili, tatu, akabonyeza swichi.

Kwenye kisanduku cha kupokea umeme wa sola, taa nyekundu iliwaka. Ilitakiwa iwe ya kijani. Friji halikutoa sauti yoyote.

"Linajiandaa," Baba Mdogo alisema.

Wakasubiri. Fundi alisikika akipumua ndani ya kinyago.

"Kuna wingu," Baba Mdogo alisema.

Wote walitazama juu. Mbingu ilikuwa tupu kama sinia lililooshwa.

Hapo ndipo Msomi alipaswa kuanza unyenyekevu wake. Alifungua mdomo, akageuka kuitazama ngazi, na ngazi ikawa haipo. Ilikuwa langoni, begani mwa fundi, kinyago kikiwa juu ya kichwa chake sasa.

"Nina geti la kwenda kuchomelea," fundi alisema. "Jua likizinduka mtaniita." Akaenda zake, na ngazi ikaenda naye, ng'ambo ya mji, mpaka jioni.

Msomi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. 

Baba Mdogo alifungua kila kilichofungika. Aliitoa betri, akairudisha. Alifungua nyaya zote za kisanduku, akazifuta kwa fulana yake, akazifunga. Aligonga friji ubavuni kama mtu anayechagua tikiti maji. Ilipofika saa tisa, sakafu ya tela ilikuwa imejaa skrubu, na yeye alikuwa katikati yake akinong'ona na kijitabu cha maelezo.

"Mdogo wangu," Shangazi aliita, "huko juu umekagua?"

"Dada, kazi ya juu niliimaliza. Kumkagua mtu kazi aliyokwisha kuimaliza ni kumtukana. Siwezi kujitukana." Akafikiri kidogo. "Na gundi haijakauka."

Siku nyingine Msomi angeliandika jibu hilo kwenye daftari lake la upumbavu wa watu wazima, ambalo lilikuwa limebakiza kurasa mbili. Siku hiyo aliitazama saa ya Shangazi. Tisa na dakika kumi. Alichukua mti wa kuinulia kamba ya nguo, akaufunga fagio kwenye ncha, akazunguka nyuma ya tela ambako hakuna anayemwona, akaanza kukwangua paa kwa kubahatisha. Alirusha mkono mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alihisi fagio limenasa kitu, akavuta, kitu kikaachia kidogo, kisha fagio likafunguka na kumwangukia kichwani. Vipande vya mfuko vilibaki palepale. Kilichobanduka kilikuwa ncha moja ya plasta, nyeupe, ikaanza kupepea juu ya paa kwa upepo wa alasiri kama bendera ya nchi ndogo iliyosalimu amri.

Saa tisa na nusu Shangazi alipanda ghorofani, akatoka kwenye baraza, akatandaza miguu mitatu ya mtambo wake wa upimaji, ule wenye darubini, ambao hata hivyo huukagua kabla ya kila safari.

"Kama hupandi," alimwambia mdogo wake, "nitapanda kwa macho."

Alizungusha kirungu cha darubini, akainama, akafumba jicho moja.  Msomi alijua kinachokuja, kwa sababu ghafla alikumbuka ni plasta gani ile. Shuleni kwao kisicho na namba ni cha wote. Kila mwanafunzi huandika namba yake kwenye plasta kwa wino usiofutika, kila baada ya urefu wa kidole, kisha hubandika kwenye ndoo, kijiko, mswaki na hata sabuni. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mitatu, na mkono wake haukuwa ukimuuliza tena.

"Mia nne kumi na saba," Shangazi alisoma.

"Ni namba ya kiwandani, Dada," Baba Mdogo alisema haraka. "Paneli zote huwa nayo."

"Kiwanda hicho kimeniachia na kijiko kwenye sinki."

Baba Mdogo aligeuka taratibu, miwani ya maua ikiwa bado usoni, akamtazama mtoto wa kaka yake.  Alichuchumaa tu, akapiga mabega yake mara mbili kwa viganja. Ngazi nyingine haikuwepo.

Msomi alivua viatu, akapanda. Baba Mdogo aliinuka akitetemeka, akiguna, lakini alimshika vifundo vya miguu imara. Kutoka pale juu Msomi aliliona paa kwa utulivu kwa mara ya kwanza. Skrubu zilikuwa zimekaa mstari mmoja kama wanafunzi wa gwaride. Chini ya kila paneli palikuwa na nafasi ya hewa, kiganja kizima, sawasawa kila upande. Mchana alikuwa na haraka ya kuharibu, hakuangalia. Akabandua kipande cha kwanza, kisha cha pili.

Ndani ya tela kitu kililia, tik, na friji likaanza kunguruma.

"Kijani!" Baba Mdogo alipiga kelele, na Msomi akayumba kama embe bovu tawini. "Dada, kijani! Naiona kupitia dirishani!"

Shangazi alikuwa na simu sikioni tayari. "Ndiyo, bosi, ninakuja. Msaidizi? Ninaye mmoja, ila ndiyo kwanza namhoji." Aliishusha simu, akaegemea ukingo wa baraza. "Haya. Tunasikiliza. Yote."

"Na uwahi," Baba Mdogo alisema kutoka chini. "Mabega yangu si ya serikali."

Msomi alitafuta uongo. Kwa kawaida hakukosa, alikuwa nao wa akiba, mwingine wa mvua na mwingine wa kiangazi. Lakini ni vigumu kumdanganya mtu ambaye umemsimamia mabegani.

"Ni mimi, Shangazi. Nilifunika paneli wakati wa chakula. Nilitaka Baba Mdogo aaibike, halafu mimi niwe ndiye niliyetengeneza." Akatazama chini ya paneli. "Na nafasi ya hewa aliiacha. Aliiacha vizuri."

 Chini yake mabega yakatikisika kidogo.

"Na ule mstari wa miwani?" Baba Mdogo aliuliza.

"Ni mimi."

"Na bisibisi yangu kupotea asubuhi?"

"Hapana," Msomi alisema, akishikilia fremu ya paneli kwa mikono miwili kwa tahadhari. "Hiyo, Baba Mdogo, ulikuwa wewe mwenyewe."