Chupa za Dirishani

Mwongeli alikuwa na mwaka mmoja tu wa kemia chuoni na kiburi cha miaka kumi. Likizo ya Agosti, yeye na mwenzake Kisilu walirudi kwao Tawa kufundisha watoto wa shule ya msingi mambo yasiyokuwa kwenye mtihani, na wiki hiyo ilikuwa ya sabuni. Asubuhi aliyeyusha kostiki soda, yale magadi makali yanayochubua ngozi. Mtungi wake ulikuwa umepasuka, kwa hiyo akayamimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa na kuiweka dirishani kivulini ipoe. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia msomi?

Tangi la shule lilikuwa limekauka. Kila mtoto alibeba maji yake kutoka nyumbani, na pahali pa kuyaweka palikuwa hapo hapo dirishani. Mwongeli mwenyewe aliyaweka hapo utotoni. Aliporudi kutoka dukani na mafuta ya sabuni, alikuta dirisha limejaa chupa zinazofanana, na watoto wanaingia kutoka uwanjani wakiwa na kiu.

Akamnong'oneza Kisilu kwamba chupa ya magadi imo humo na haijui ni ipi.

"Usiseme kitu," Kisilu akajibu. "Tuzitoe polepole. Hii maneno ikifikia headmaster, class imefungwa leo."

Aibu ikamfunga mdomo kweli. Aliliona jina lake likitembezwa sokoni na kanisani. Akasimama hivyo, mjinga mzima, hadi mvulana mmoja, Muli, alipochukua chupa moja na kufungua kifuniko.

Mwongeli akamrukia, akampokonya.

"Hakuna mtu kunywa," akasema. "Chupa moja iko na sumu, na ni mimi niliiweka."

Kisilu akataka maji yote yamwagwe. Mwongeli akakataa, maana aliwajua kina mama walioamka gizani kuyachota kwenye mchanga wa mto. Akaagiza kifuniko cha sufuria ya alumini kutoka jikoni, akakisugua kwa mchanga hadi kikang'aa. Akawaeleza watoto kwamba magadi yale yakigusa alumini hutoa povu, lakini maji hayafanyi lolote. Kisha akaanza. Tone, kungoja, kupangusa, tone jingine.

Chupa ya Muli ilikuwa maji. Zilizofuata pia maji. Kavindu, msichana mdogo kuliko wote, akanyoosha kidole kwenye moja ya zilizobaki, akasema hiyo ndiyo yake, anaijua.

Mwongeli akadondosha tone. Kwa muda halikufanya kitu. Kisha likaanza kutoa povu.

Alitamani kulia. Aliifunga ile chupa, akampa Kisilu akaifungie ofisini, akaendelea kupima hadi ya mwisho. Chupa ya Kavindu ilikuwa kando tu ya ile mbaya.

"Sasa kunyweni," akawaambia.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kavindu akaitazama chupa yake, kisha akamtazama Mwongeli.

"Kunywa wewe kwanza, ticha."

Mwongeli akaichukua. Alijua kifuniko hakidanganyi, lakini hata asubuhi alidhani anajua. Akanywa, akameza. Yalikuwa maji ya chumvichumvi, maji ya kwao.

Watoto wakamtazama shingoni, wakangoja. Kisha Muli akaja na yake, na nyuma ya Muli wengine wakapanga foleni.