Misumari ya Chuo Kikuu Shambani kwa Hhando

—tupu, Schola! Debe tupu! Kalinyanyua juu mbele ya kijiji kizima, kalipindua ili watu waone hata punje ya udongo haidondoki, halafu akasema, "Na hili ndilo shamba la Mzee Hhando!" Baba yangu! Na mimi nimesimama pale pembeni, kazi yangu ni kutafsiri, ulimi umeganda mdomoni kama ugali wa jana.

Sogea nikae. Hapana, sikai, siwezi kukaa. Wewe jifunike blanketi lako, unywe uji, homa haijakuacha bado. Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia kwenye debe hutaelewa kitu.

Mwaka wa sabini na tisa, mimi nikiwa likizo ya chuo cha ualimu, wewe hujapangiwa shule hii bado, walikuja watu wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam. Wakataka mashamba manne ya mteremkoni hapa Endabash wapigilie misumari. Misumari ya chuma, mirefu kama mkono wangu huu, inazama ardhini kinabaki kichwa tu. Mvua ikibeba udongo, kichwa kinajitokeza, na wao wanapima kwa rula kimejitokeza kiasi gani. Basi. Hakuna uchawi. Nani aliwapeleka nyumbani kwetu? Mimi! Nikamwambia Baba, hawa ni watu wa elimu, wape nafasi, hawali kitu. Akakubali bila neno. Wewe humjui baba yangu: akikubali bila neno, amekataa.

Kila mwaka masika yakiisha alikuja mwanafunzi wao mmoja kusoma misumari na kuandika daftarini. Anaitwa Boazi. Ndiyo, huyohuyo. Usianze kunitania naye.

Sasa leo wamerudi na majibu, na hilo peke yake ni habari. Lini umeona mtu aliyekuja kupima kitu huku akarudi kutuambia alichokiona? Jana walikuwa Qurus, leo kwetu, wamekuja na kiongozi wao mwenyewe, Daktari Clemensi, mtu mwembamba, mkono mmoja wa miwani umefungwa uzi. Mwenyekiti wa kijiji akapiga mbiu, watu wakajaa uwanja wa shule, lakini wamekaa kama wamekalia siafu. Mawingu yameshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, upepo wa mvua, kila mtu anawaza jembe lake. Daktari hajamaliza kusema "ndugu wananchi", Ako Josephati akadakia. Unamjua mzee yule, hata kanisani anadakia.

"Nyinyi si ndio mnahesabu faru kule Krateri? Wameisha, mmekuja kuhesabu udongo?"

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, nikampenda hapohapo. Akasema, "Mzee, wale wa faru ni wenzetu wengine. Sisi tulichukua vipimo kwenu miaka mitatu. Leo tumekuja kurudisha."

Mimi natafsiri Kiiraqw kwa ajili ya wazee na akina mama, natamba, we! Kitambaa kipya kichwani, sauti ya darasani. Daktari hakuleta karatasi wala michoro. Alileta madebe manne, akayapanga juu ya dawati. Akasema kila debe ni shamba moja, na ndani yake umo udongo sawa na ule uliobebwa na maji kwa miaka mitatu kutoka kipande cha ardhi chenye ukubwa wa mlango wa nyumba. Kila mtu alielewa kabla sijatafsiri. Shamba la Josephati, debe limejaa. La Mzee Martini, limejaa na kilima juu. La Ayo Bernadina, nusu.

Huyu Ayo Bernadina ni yule mjane wa kule kilimani, mama mwenye bega moja limeshuka. Limeshuka kwa mawe, Schola. Miaka miwili anabeba mawe kutoka mtoni kujenga makinga maji, mistari ya mawe inayokata shamba ili maji yasikimbie. Wanawake wenzake walimcheka kwanza, mwaka huu wameanza kumwiga. Basi alivyoona nusu debe lake pembeni ya yale yaliyojaa, akajishika kiuno, akaangaza huku na huku kama bibi harusi.

Halafu ndo likaja la nne. Tupu.

"Hakuna hata milimita," Daktari akasema. "Miaka mitatu! Ndugu zangu, huyu ndiye mwalimu wenu. Tunatengeneza kijitabu cha wakulima, na picha ya Mzee Hhando itakaa mbele. Mzee, simama. Tuambie siri yako."

Nikatafsiri. Uwanja ukaanza kunong'ona. Maana nani asiyelijua shamba letu? Baba analima kwa kufuata mteremko, juu mpaka chini, jiwe hata la kukalia hakuna. Mwaka jana ndama wa jirani alitumbukia kwenye korongo letu akatolewa kwa kamba.

"Labda lile korongo limechimbwa na fuko," Mzee Martini akasema.

"Fuko mwenye jembe la ng'ombe!" Josephati akamjibu.

Baba akasimama. Kofia anaitoa, anaivaa, anaitoa. Akasema Kiiraqw, taratibu, "Mwambie nalima kama baba yangu alivyolima." Nikatafsiri, wageni wakapiga makofi, Boazi akaandika. Baba akakaa, akasimama tena, akakaa.

Hapo ndipo Ayo Bernadina aliponyanyuka. Hakupiga kelele, na ungemwona usingependa ile sauti ya chini.

"Lusia, mwanangu, mwambie mgeni hivi. Mimi nimebeba mawe miaka miwili, mgongo huu hauninyookei hata kitandani, na napata nusu debe. Hhando hajabeba jiwe hata moja, debe tupu. Basi nimefundishika. Nikitoka hapa naenda kuyang'oa mawe yangu yote, nijengee zizi la ndama. Niwahi kabla ya mvua."

"Na sisi!" wanawake wa nyuma wakaitika. "Tulikuwa tunajisumbua!"

Sijatafsiri bado. Nimegeuka kumtazama Baba, na Baba ananitazama, jasho limejaa juu ya mdomo wake na kuna baridi ile. Nikamsogelea kama vile nataka anifafanulie kitu.

"Baba, umeifanya nini misumari?"

"Sijaing'oa," akasema.

"Umeifanya nini?"

"Inajitokeza, mwanangu. Mvua ikikatika, unakuta imejitokeza. Basi naigonga kidogo na nyundo, ikae sawa na ardhi."

Schola! Nyundo! Miaka mitatu baba yangu anaamka, anazunguka shambani na nyundo, anairudisha misumari ya chuo kikuu chini! Boazi akija na rula yake anakuta vichwa vyote vimelala chini vizuri, anaandika sifuri, sifuri, sifuri, na anampongeza! Korongo liko upande wa pili, nyuma ya mtama, nani angempeleka huko? Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikakohoa.

"Kwa nini, Baba?"

Akanijibu haraka, kama mtu aliyelikariri jibu kwa muda mrefu. "Mwingereza alikuja na kamba akapima malisho ya babu yako. Mwaka uliofuata akaja kupunguza ng'ombe. Hawa wa juzi wa vijiji vya ujamaa wakaja na kamba, tukavunja nyumba tukahamia barabarani. Wa tatu nikasema hatakuta kitu cha kuandika."

Sasa niambie, ungefanya nini? Nikisema mimi, nimemvua baba yangu nguo mbele ya kijiji, mbele ya padri, mbele ya Martini ambaye anatafuta tu cha kusimulia kilabuni mpaka Krismasi. Nikinyamaza, yule mama anakwenda kung'oa mawe na mvua iko hapo, tena kijitabu kinachapwa, watu wa Qurus na Mbulu na wapi na wapi wanaambiwa walime kama Hhando. Na maneno yote yanapita mdomoni mwangu mimi, hakuna mwingine!

"Mwalimu Lusia," Daktari akasema, "yule mama amesema nini?"

Nikamtafsiria aliyosema Ayo Bernadina, neno kwa neno. Daktari akakunja uso. "Mzee hana makinga maji? Anayazuiaje maji?" Akaanza kufunua daftari mbele nyuma, mbele nyuma. "Muulize."

Hapo ndipo nikafunga mdomo. Nakwambia nimeufunga! Nikakunja mikono.

"Mwalimu?"

"Nimechoka, Daktari. Mzee anakijua Kiswahili. Muulize mwenyewe."

Baba alinitazama kwa jicho sijapata kuliona tangu nizaliwe. Nikatazama viatu vyangu. Mwenyekiti akanifokea, "Wewe msichana, umeletwa hapa kwa kazi gani?" Watu wakaanza kuguna, wengine wanasimama waondoke, Ayo Bernadina ameshajifunga kanga ya pili kiunoni, amegeuka, anaondoka kweli! Hatua moja, ya pili. Na mimi nasema moyoni, Baba, sema, sema, anaondoka!

Kiswahili cha Baba ni cha mnadani, cha kununulia ng'ombe. Akasimama, safari hii kofia iko mkononi, haivai tena.

"Bernadina, rudi," akasema. Halafu akamgeukia mgeni. "Daktari. Misumari mimi nagonga."

"Unagonga?"

"Nagonga. Ikitoka, nagonga. Inarudi chini. Udongo yangu inakwenda, kama ya Martini. Kushinda ya Martini."

Halafu ni Ayo Bernadina aliyeanza, kicheko kile cha kutoka tumboni, mpaka akashikilia dawati. "Hhando! Hhando weee! Kumbe miaka mitatu unashindana na mvua kwa nyundo!" Uwanja mzima ukalipuka. Na Martini badala ya kufurahi akaanza kujikuna shingo, akasema kwa kuwa tunasema ukweli, yeye misumari miwili aliing'oa akafungia mbuzi. Boazi maskini alikuwa na rangi ya majivu. Yule kijana amelala kwenye mahema, amelowa, ameumwa na kupe, kwa ajili ya sifuri za nyundo.

Daktari alivua miwani akaifuta. Akaifuta muda mrefu mno. "Miaka mitatu," akasema, wala si kwetu. Nilidhani atapanda Landrova aondoke, na ningemwelewa. Badala yake akamuuliza Baba, "Mzee, wakati unagonga, ilikuwa inajitokeza kiasi gani?"

Baba hakufikiri hata kidogo! Akanyoosha mkono. "Ya juu, kidole moja. Ya katikati, mbili. Ya chini kule, nne. Mwaka ya mvua kubwa, ya chini ilitoka kiganja yote."

"Unakumbuka kila msumari?"

"Mimi ndiye nagonga. Wewe hukumbuki kazi yako?"

Watu wakashangilia. Daktari akavaa miwani, akatoa kalamu, na Boazi akaanza kupata rangi. Lakini Baba akaufunika ule ukurasa kwa kofia yake. Pale mbele ya wote! Akanigeukia mimi, akarudi kwenye Kiiraqw, na mimi sikuchoka tena.

"Muulize kwanza. Akishaandika, nani anakuja, na anachukua nini?"

Nikatafsiri. Safari hii hakuna aliyecheka, hata Josephati. Ni swali ambalo wazee wote walikuwa nalo tumboni tangu sabini na tisa, na sisi wasomi hatukuwahi kuwauliza.

Daktari hakumdanganya, nikampenda mara ya pili. Akasema yeye hawezi kuisemea serikali, ila kile anachokiandika kitaandikwa mara mbili, nakala moja ikae ofisi ya kijiji, na mwenye shamba ataisomewa kabla haijaenda popote. Akikataa, haiendi.

"Aandike hilo kwanza," Baba akasema.

Akaandika! Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya vidole, akatia sahihi, na mwenyekiti akatumwa mbio ofisini kuleta muhuri. Ndipo Baba akaiondoa kofia.

"Na mawe yangu?" Ayo Bernadina akauliza.

"Mama, usiguse hata moja," Daktari akasema. "Wewe ndiye mwenye debe la kweli hapa."

"Sikia hiyo, Hhando. Jumatatu uje kubeba na wewe. Huo mkono wa nyundo una nguvu bure."

Nilimwona Baba anaupima ule mteremko kwa macho, na kwa baba yangu hilo ni neno.

"Hamjasemezana tangu hapo?" Unaniuliza mimi? Amepita mbele yangu akasema, "Umenisimamisha peke yangu, Lusia," basi. Sijui ni hasira au ni nini, ndo maana siwezi kukaa! Na sasa hivi wananisubiri barabarani, tunakwenda shambani wote, Baba na vidole vyake, Boazi na rula, na lile korongo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuonyeshwa, leo Baba mwenyewe kasema atalionyesha. Wanapiga honi, unasikia? Maliza uji. Aliyoyasema Baba njiani, na kama atanisemesha, kesho asubuhi kabla ya kengele ya shule nitakukalia miguuni hapo kitandani, nikwambie neno kwa neno, hata ukijifanya umelala.