Nyumba Iliyokwenda Sokoni Kujiuza

Jana, kati ya adhuhuri na alasiri, niliota ndoto. Kwanza mjue mimi ni bingwa: sijawahi kujenga nyumba ikakosa mnunuzi. Sijawahi kujenga nyumba yoyote, hii ndiyo ya kwanza, na nikiiuza naenda kuhiji kabla magoti hayajanisusa.

Fundi Kilua alinifundisha: "Bi Tausi, ya kuuza usiweke unachopenda wewe. Weka vitu vizuri, nyumba itajiuza yenyewe."

Basi nyumba inainuka, inajikung'uta vumbi, inakwenda sokoni Muheza. Mimi nyuma, viatu mkononi. Inakaa katikati ya mafungu ya machungwa.

"Karibuni! Nigongeni, siringi!" unaita mlango wa mninga.

"Mimi naingiza upepo," linasema dirisha la sebuleni. "Mwenzangu wa jikoni anaingiza majirani tu."

Anafika Hajjat Mwanakheri, mnunuzi niliyemwalika aje alasiri. Anasifu baraza, anasifu jiko la nje la kupikia pilau za shughuli. Anafungua choo. Anafunga.

"Kinaelekea kibla," anasema. "Hata bure siitaki."

Machungwa yananipa mgongo.

Nachutama mbele ya sinki la choo. "Mwanangu, umeniaibisha."

"Sikujipanga, bibi. Fundi alimuuliza nani kibla?"

"Mimi."

"Ukamwonyesha kwa kitu gani?"

"Kwa mwiko. Nilikuwa nageuza chapati."

"Ehe."

"Nisaidie, baba. Nina safari."

"Huko utaniombea dua?"

"Dua ya choo?"

"Kwani mimi sina shida?"

"Nitakuombea usizibe."

Likaguna, likajizungusha polepole kama mzee anayegeuka kitandani. Nikalishukuru mpaka machozi yakanitoka.

Nikaamka mkekani, nikakimbilia chooni. Sinki limeipa kibla ubavu, linatazama mpera wa jirani. Nikalinong'oneza, "Ahsante, baba."

Hodi! Hajjat kaingia, Fundi Kilua nyuma yake anapiga miayo. Hajjat akachungulia.

"Mashallah! Wengi hukosea hapa. Nani kalipanga?"

Fundi akalitumbulia macho sinki. "Mimi, Hajjat. Nimelivunja mchana huu, nikalijenga upya kwa saruji mpya."

Hajjat akageukia mfuko pekee wa saruji uliokuwa ukumbini. Uzi wake haujakatwa, na juu yake pamebonyea shimo la kichwa cha mtu aliyelala.

"Saruji ipi, fundi?"