Njia ya Kando ya Malori

Dada mtu alikuwa mchora ramani wa mji, na siku hiyo aliingia kikaoni na michoro miwili. Wa kwanza uliipitisha njia ya waenda kwa miguu na baiskeli nyuma ya maghala, kando ya mfereji: ndefu kidogo, ila gari halifiki. Wa pili ulifuata barabara ya malori, na kati ya mtu na lori palikuwa na mstari wa rangi tu. Rangi, jamani! Tangu lini rangi ikazuia lori?

Mkuu wake aliutazama ule wa kwanza kama mtu aliyeletewa chai ya jana. "Huko nyuma ya maghala nani ataiona? Mgeni rasmi amkatie nani utepe, vyura?"

Wajumbe wakacheka. Yeye akasimama, akaeleza habari za kona, breki na vumbi. Walimsikiliza kwa adabu zote, kisha wakapitisha barabara ya malori. Sikio halipiti kichwa. Akarudi mezani, akauchora mstari ule kwa mkono wake mwenyewe, vizuri kabisa, maana ndiyo kazi yake, na moyoni akajichukia.

Jioni akampitia mdogo wake, msambaza mikate, ambaye kila asubuhi humpakia mwanawe nyuma ya baiskeli na kuzungukia mferejini kwa kuyaogopa malori.

"Dada, hongera! Mtaa mzima unaizungumzia njia yenu. Eti umeichora wewe?"

"Nimeichora, ila nisikilize. Usipite kule. Endelea na mfereji."

Mdogo mtu akaangua kicheko. "Hee! Mpishi anakimbia chungu chake? Matope ya mferejini yamenichosha mie. Kama si salama, wewe ungeichora?"

Akamweleza yote: walivyomkatalia, walivyocheka, kwamba rangi si ukuta. Mdogo wake akampigapiga begani kama anayembembeleza mtoto.

"Una wasiwasi mno, dada. Tangu utotoni uko hivyo hivyo."

Utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Asubuhi iliyofuata dada mtu alisimama kwenye dirisha la ofisi, ghorofani, akawaona wanakuja juu ya rangi mpya, lori likiwafuata kwa nyuma. Mtoto akalitambua dirisha. Akaachia kiti, akapunga mikono yote miwili, na mdomo wake ukaonekana ukiita, "Mama mkubwa!"

Shika kiti, mwanangu, shika! Alikipiga kioo kwa viganja, lakini dirisha lile halikuwa la kufunguka.

Huko chini wakadhani anawapungia. Mdogo wake naye akaachia usukani mkono mmoja, akampungia.