Ukoka wa Penina

Nilikuwa nimeyaombea mabaya yale majani miaka yote ya ndoa yangu, na Jumapili ile ilielekea Mungu amenisikia. Ludovick, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuwa ameinama na futi ya kamba akipima toka ukuta wa kanisa kuu hadi ukingo wa barabara. Kadiri alivyozidi kuivuta ile futi ndivyo nilivyozidi kujisikia mwepesi.

"Tukimwaga zege hapa magari yatakaa bila kubanana," alisema, naye alikuwa na gari la kulisemea.

Ni kipande kidogo cha ukoka ubavuni mwa kanisa. Ukitandika mikeka michache unakifunika chote. Kwetu Tukuyu majani ya namna hiyo huota hata pasipotakiwa, tukayafyeka huku tunayatukana. Lakini hii ni Dodoma. Hapa mvua zikishakatika ardhi huwa nyekundu na kavu mpaka mwisho wa macho, na mtu akiona kijani husimama akatazama. Kwa hiyo maharusi walipigia picha pale, watoto waligaragara pale, na wote, wazee kwa vijana, walipaita "kwa Penina".

Penina ni mke wa kwanza wa mume wangu. Alifariki kabla mimi sijaikanyaga Dodoma.

Nilifika mwaka wizara yetu ilipohamia, umri umekwenda, ndugu zangu wameshaacha kuniuliza habari za ndoa. Nikampata Yoramu, mgane, mkulima wa zabibu na mzee wa kanisa, mtu mpole anayecheka kwa mabega. Nikasema basi, Mungu alinichelewesha kwa sababu. Siku ya harusi mpiga picha akatuambia twende kwenye majani. Yoramu alinishika kiwiko akanigeuza. "Hapa panatosha," alisema, na hapo palikuwa mlangoni, penye vumbi. Upepo ukavuma. Katika picha zangu za harusi gauni langu linafanana na kanga ya kulimia.

Jina la Penina hakuwahi kulitaja, hata mara moja. Wako wanawake wanaolalamika kwamba waume zao huwalinganisha na marehemu. Mimi ningelipa kusikia kulinganishwa. Mtu akimtaja mkewe wa zamani unajua amemweka wapi. Yoramu alikaa kimya, na kila Jumapili alibeba kidumu cha maji yaliyosalia kwenye kusuuza vyombo, akayamwaga kwenye ukoka kabla ya kuingia ibadani. Ndiyo desturi ya pale. Kila nyumba huja na kidumu chake, hata miaka ambayo maji ya kunywa yenyewe ni ya kusaka. Mimi sikubeba. Nilisimama pembeni na pochi yangu, na bibi wa pale kanisani wakanitania: "Mke mdogo, mwenzio hajambo?" Nilicheka nao. Nikifika nyumbani niligombana na masufuria.

Mwenzio aliye hai unaweza kumsubiri. Atanenepa, atazeeka, siku moja atakosea. Marehemu hakosei, na marehemu hasemwi. Basi nikaanza kumchunguza Penina kwa siri, nikiuliza sokoni, nikiuliza msibani, nikitafuta kasoro moja tu ya kulalia.

Kazi iliponipeleka Bahi, nilitoroka semina nikachukua bodaboda mpaka kwa dada wa Penina, Mama Geofrey, pembezoni mwa majaruba ya mpunga.

"Shikamoo dada. Mimi ni mke wa Yoramu."

Alinitazama toka kilemba hadi viatu. "Marahaba. Umekuja kumtafuta mdogo wangu."

Sikukana. Akanionyesha tuta la jaruba. Pale ndipo Penina alipochimba ule ukoka, akaufunga kwenye gunia lililoloweshwa, akapanda nao basi la Dodoma huku abiria wakimcheka. Nani anasafirisha ukoka?

"Na mumewe alisemaje?"

"Mumewe? Mumewe aliung'oa."

Asiyelima zabibu hawezi kuelewa. Mkulima huamka na ukoka na hulala na ukoka. Ukibakiza kipande cha mzizi umebakiza balaa la mwaka mzima. Na sasa mke wa mkulima anaupanda kanisani, mchana kweupe, anaupalilia! Wenzake walimtania Yoramu mpaka akaona haya. Jioni moja alikwenda na jembe, akaung'oa wote, akauanika juani ufe kama anavyofanya shambani. Penina hakugombana naye. Alirudi Bahi akachimba mwingine, na safari hii akawaomba akina mama kila mmoja aje na kidumu. Ukoka ulipoanza kushika, ugonjwa nao ukamshika yeye. Kiangazi cha kwanza ambacho majani yale yalibaki mabichi, Penina hakukiona.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta mwanamke mchoyo au mwenye mdomo, nikapewa mwanamke ambaye hata mimi ningempenda. Nilirudi namchukia maradufu.

Kisha kiharusi kikamwangusha Yoramu. Kilichukua upande wake wa kulia pamoja na maneno yake yote. Nilimwosha, nilimlisha uji, nilimgeuza kitandani. Kila Jumapili baada ya ibada alinyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea ubavuni mwa kanisa, nami nikasukuma kiti chake mpaka ukingoni mwa majani, akatazama weee. Mimi nilitazama kisogo chake. Soksi namvalisha mimi, na macho yake anampelekea mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kwenye kikao kile, tumekaa kwenye mabenchi nje ya kanisa, Ludovick na futi yake, na mimi nasubiri zege.

Mchungaji Elisante alisimama. "Kabla hatujaamua, yupo anayejua historia ya mahali hapa? Wazee wetu wengi wametangulia."

Jina walilijua wote, habari yenyewe hakuna aliyesimama kuieleza.

"Mchungaji, tuwe siriasi," Ludovick alisema. "Haya ni majani tu."

Mchungaji alimgeukia Yoramu, akakumbuka, akanigeukia mimi. "Mama, una lolote?"

Sikutakiwa kufanya kitu. Ningekaa tu, na wiki ile ile tingatinga lingefika. Nikamtazama mume wangu nikidhani nitamkuta anayatazama majani yake. Alikuwa ananitazama mimi.

Ndipo nikaogopa. Wakimwaga zege hapa, Penina atakwenda wapi? Atahamia ndani ya kichwa cha Yoramu, mahali ambapo yeye mwenyewe sasa hana maneno ya kunifungulia. Pale kanisani angalau nilimwona. Nilijua anapoanzia na anapoishia.

Nikasimama, nikasema yote. Gunia, basi, kicheko cha abiria.

"Na mzee wenu huyu," nikasema, nikipaza sauti maana nilitaka imchome, "aliung'oa kwa jembe lake. Kwa haya. Mke akaupanda upya, akafa. Tangu hapo anaumwagilia lakini hajawahi kuukanyaga. Hata siku ya harusi yetu hakuthubutu."

Hilo la mwisho sikuwa nimelijua. Lilinitoka mdomoni, nikalisikia pamoja na wengine.

Bibi mmoja aliyekaa mbele alijifunika uso kwa kanga. Ludovick aliikunja futi yake polepole. Mchungaji alipoomba wanaotaka majani yabaki wanyooshe mikono, hata Ludovick akanyoosha.

"Mama, umeyajuaje yote haya?" aliniuliza baadaye, kwa heshima.

"Nilimtafuta," nikamjibu. "Ndugu zake wenyewe hawakumtafuta hivyo."

Walikubaliana kuweka kibao chenye jina lake. Walinishukuru sana, wakanishika mikono, wakaniita mama wa kanisa. Nilisikia uchungu ule ule, haukupungua hata chembe.

Nikamwendea Yoramu. Alikuwa analia kwa jicho moja. Nilimfuta shavu, naye akaukamata mkono wangu kwa ule wake mzima, akaukaza. Midomo ikahangaika. Tangu aanguke hakuwahi kutamka neno likakamilika.

"Penina," alisema. Lilitoka safi, bila kukwama, na waliokuwa karibu walilisikia wakatazama chini kwa ajili yangu.

"Abee," niliitika, nikainama nisikie alichotaka kumwambia.