Siku Arobaini za Kushika Kata

Katika ufalme wa Bondeni, hakuna mnyama aliyepewa wilaya kabla ya kushika kata. Ukitaka kuwa Liwali, kwanza ukae kisimani siku arobaini uwachotee wengine maji kwa kata hiyo, usukumwe, utukanwe, ujue nani ana kiu na nani ana makelele tu. Chuo cha Maliwali kilifundisha mengi, ila Korongo, mkuu wake, alikuwa akisema hayo mengine ni mapambo.

Alikuwa akisema. Kisha akaja mpwa wa Mfalme Kiboko.

Mpwa alifika kisimani siku moja, akauliza chakula cha mchana ni saa ngapi, akaenda zake. Siku ya mahafali Korongo akamwandikia kwenye cheti, kwa mwandiko mzuri ajabu: "Ameshika kata siku arobaini." Hakutishwa na mtu, wala hakuhongwa. Aliogopa tu kuwaudhi wakubwa. Aibu tupu.

Kiangazi kilipoingia, Mpwa alikuwa Liwali wa Bonde la Chini. Alikifunga kisima kwa kufuli, akataka kila mwenye kiu alete barua ya maombi Jumatatu. Kufikia Ijumaa watoto tisa wa swala walikuwa wamekufa mlangoni. Kanga, karani wa kisima, akavunja kufuli akawagawia maji waliobaki, naye akashtakiwa kwa kuharibu mali ya serikali.

"Mtukufu Mfalme," Kanga alisema barazani, "aliyeshika kata hata siku tatu anajua watoto hunyweshwa kwanza, barua baadaye. Huyu hakushika. Muulize mwalimu wake."

Mfalme akamgeukia Korongo. Korongo alijua fika: akisema kweli, atafukuzwa yeye, akisema uongo, atafukuzwa Kanga, mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha.

"Mtukufu, cheti kinajieleza."

"Sijauliza cheti. Nimekuuliza wewe. Alimaliza?"

"Alimaliza, Mtukufu."

Mfalme akaamuru Kanga afukuzwe. Kanga alimtazama Korongo, akasema, "Haya, mwalimu," akatoka Bondeni siku hiyohiyo. Korongo alirudi nyumbani, chakula kikamshinda, na usingizi hakuupata wiki nzima.

Wiki ya pili Mama Swala alifika chuoni na mtoto wake.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimekuletea huyu. Nilikuwa nao wawili, mmoja alifia pale kisimani. Nimeambiwa wewe ndiye unayetengeneza viongozi. Mfundishe awe na huruma, aje atutoe mikononi mwa yule Liwali."

Korongo alifungua daftari la wanafunzi, akashika kalamu. Akaiweka chini.

"Mama, yule Liwali nilimpitisha mimi. Hakushika kata hata siku moja nzima. Nilijua, na bado nikaandika. Hata barazani nikamtetea, Kanga akafukuzwa."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nisamehe, mama."

Mama Swala alimvuta mtoto nyuma yake. Hakupandisha sauti.

"Usiniombe mimi msamaha. Nenda kaseme barazani."

"Watanifukuza."

"Wangu amekufa, Mkuu."

Korongo alifunga daftari, akainuka. Mama Swala alikuwa tayari mlangoni, akimngoja waende barazani pamoja.