Chai Kabla ya Mto

Picha ambayo mama mmoja aliituma kwa simu hadi ofisi ya maji ya kaunti, Kajiado, ilionyesha samaki waliolala ubavu ukingoni mwa mto, matumbo meupe juu, na kando yao korongo sita wamesimama bila kuwagusa. Naliaka aliitazama kwa muda mrefu. Korongo wa Kitengela humeza mifuko ya plastiki na utumbo wa kuku uliooza. Anapokataa mlo, basi mlo huo si wa kiumbe yeyote. Mkuu wake, Kiama, aliitupia picha jicho moja tu.

"Si hawa Wamaasai hawakulangi samaki?" akasema. "Sasa huyo mama analalamika nini?"

Naliaka alimdharau kwa swali hilo, kama alivyomdharau kwa mengine mengi. Kwa kweli hapakuwa na mtu mle ofisini ambaye Naliaka hakumdharau. Kwa miaka minane ya kupima maji ya kaunti alikuwa amewaona wenzake wakirudi kutoka viwandani na bahasha mifukoni na ripoti za maji safi mikononi, wenyewe wakimwita yeye mtakatifu kwa kejeli. Hakuwahi kugusa bahasha. Aliubeba usafi wake kama mtungi kichwani, shingo imesimama, hatazami chini.

Kesho yake saa tatu asubuhi, yeye na dereva wake Ochola walifika kwenye geti la mgodi ulio kando ya mto huo, mbele kidogo ya Isinya. Utaratibu uliwataka waripoti kwanza kwa wenye mgodi. Meneja, bwana mmoja mnene aitwaye Macharia, aliwapokea kwa mikono miwili.

"Madam, chai kwanza. Mgeni hawezi enda mtoni na njaa. Watu watasema hatukumpokea."

"Ningependa tuanze na mto."

"Mto iko tu. Itatorokea wapi?"

Ochola tayari alikuwa amevuta kiti. Kwao Naliaka, kule Bungoma, anayekataa chai ya mwenyeji amemtukana, naye pamoja na madharau yake yote alikuwa mtoto wa watu aliyelelewa vyema. Akaketi. Macharia akavua kofia na kuanza kuomba. Aliwaombea wageni, akaziombea jamaa za wageni, akaiombea kaunti na mvua, kisha bila haya wala soni akawaombea viumbe wa majini. Naliaka, binti wa mzee wa kanisa, alifumba macho mpaka amina, akiucheka moyoni unafiki ule. Kisha vikaletwa viazi vitamu, mayai na mandazi moto, na chupa ya pili ya chai ilipokwisha ya kwanza. Walipoinuka ilikuwa saa tano kasoro robo.

Mtoni walimkuta mama aliyetuma picha, Nasieku, ameketi juu ya jiwe na fimbo magotini. Maji yalipita kwa wingi, meupe, safi kama ya kubatizia. Samaki hawakuwapo. Nyasi za ukingoni zilikuwa zimelazwa zote upande mmoja na zilikuwa zingali zikichuruzika.

"Takwenya, mama," Naliaka alisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," mama aliitikia.

"Samaki wako wapi?"

"Watu wa mgodi walikuja alfajiri na magunia, wakaokota yote. Lakini maji ilikuwa bado mbaya, rangi ya kutu. Nikasema sawa, serikali inakuja, itaona maji." Nasieku aliielekeza fimbo juu kilimani, kwenye bwawa la kampuni. "Gari yenu ikaingia kwa geti. Hapo hapo wakafungua bwawa. Maji mingi ikashuka, ikaosha kila kitu. Nikawangoja. Mlikuwa wapi?"

Ochola alivitazama viatu vyake.

"Ng'ombe zangu mbili zilikufa Jumapili," mama aliendelea. "Hiyo karatasi yako ikisema maji ni mzuri, chifu atatuambia turudishe ng'ombe hapa. Na sisi wenyewe tunakunywa hii."

Naliaka alihisi uso ukimchoma. Basi ndivyo ilivyokuwa. Walijua hapokei bahasha, hawakuipoteza bahasha yao. Walimwandalia kitu ambacho asingeweza kukikataa. Kuosha mto hakukuhitaji hata saa mbili, naye aliwapa muda huo, sehemu yake akiwa amefumba macho. Kiama angalau hujiuza kwa bei. Dharau aliyozoea kuwagawia wengine kwa pakacha ilimrudia yote kwa mpigo, na haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Aliinama akajaza chupa, akaiziba, akaikunjua fomu juu ya boneti ya gari.

"Madam," Ochola alinong'ona, "andika tu tulifika saa tano. Barabara ilikuwa mbaya."

Kwenye nafasi ya maelezo Naliaka aliandika polepole, kwa herufi kubwa. Alipomaliza alitia sahihi yake, akamsukumia Ochola kalamu atie yake, maana dereva ndiye shahidi wa fomu.

Ochola alisoma, midomo ikimcheza. "Kiama atakufuta."

"Najua."

"Na mimi je? Kandarasi yangu ni ya mpaka Disemba tu. Niko na watoto wanne."

"Umeandika nini hapo?" Nasieku aliuliza.

Naliaka alimsomea. "Tulifika mgodini saa tatu. Tangu hapo hadi saa tano kasoro robo nilikuwa nikinywa chai ya kampuni. Kwa mujibu wa mama aliyekuwa mtoni, wakati huo bwawa lilifunguliwa na mto ukaoshwa. Maji yaliyo katika chupa hii hayathibitishi chochote ila uzembe wangu. Ng'ombe wasirudishwe hapa, wala watu."

Nasieku alimkazia macho, akimpima kuanzia viatuni.

"Chai ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Ochola, ambaye alikuwa bado ameishika kalamu hewani.

"Na wewe," akasema. "Andika."